Leo Huyu Si Yeye

Tuchukue mama anayetoka Makongolosi kuja Chunya mjini, kabeba mgongoni mtoto wa miaka 6 mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto hasemi, na ni usiku wa tatu hajalala. Muuguzi anauliza, "Mama, anaumwa wapi?" Mama anajibu, "Sijui, sista, ila leo huyu si yeye." Jibu hilo wengi wetu wauguzi hatuliandiki. Kwangu mimi, ndilo kipimo bora kilichoingia chumbani siku hiyo.

Kipo kipimo cha maumivu kiitwacho FLACC, kilichochapishwa Marekani mwaka 1997. Unatazama uso, miguu, mwili unavyojinyonganyonga, kilio, na kama mtoto anabembelezeka. Kila kimoja kina alama 0 hadi 2, jumla 10. Lakini mtoto huyu miguu yake imekakamaa hata akiwa na raha zake! Ndiyo maana mwaka 2006 kilifanyiwa marekebisho, mzazi akapewa nafasi ya kuongeza dalili za mwanawe. Yupo anayecheka akiumia. Yupo anayebana pumzi, au anayekataa uji aupendao. Na yupo anayenyamaza kabisa. Huyo ndiye tunayemkosea zaidi, maana mtoto aliyetulia tunasema hana neno.

Basi mama, chukua daftari. Ukurasa mmoja andika afanyavyo akiwa mzima, wa pili afanyavyo akiumwa. Muulize na bibi yake, na dada anayemlisha. Kisha tafuteni "ndiyo" yake: kupepesa macho, kutazama juu, chochote anachoweza kukirudia kila akiulizwa. Ukishaipata, gusa sikio, gusa tumbo, gusa nyonga, ukiuliza pole pole na kumpa muda wa kujibu. Muda huo ni mrefu kuliko unavyodhani.

Mara nyingi chanzo kinatibika: choo kigumu, kiungulia, jino bovu, sikio, nyonga iliyoteguka, misuli inayokaza. Kwa hiyo ukiambiwa "ugonjwa wake ndivyo ulivyo", omba apimwe tena, kuanzia kichwani hadi miguuni. Daktari akiwa bado na shaka, anaweza kumpa paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, mkatazama baada ya saa moja. Akitulia, huenda alikuwa anaumia, na chanzo kinaendelea kutafutwa.

Wauguzi wenzangu, mama akisema "leo huyu si yeye", liandikeni kwenye faili kwa maneno yake yaleyale.