NCHI JIRANI: Hisabati Mbili kwa Vijana wa Shule

Mwezi Januari 2026 vijana wa kwanza wa mfumo mpya wa elimu nchini Kenya waliingia Gredi ya 10, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu. Huko walikuta hisabati za namna mbili, na kila mmoja akapangiwa moja kati ya hizo. Jambo hili lafaa kuzungumzwa mbele ya askari wetu wa jeshi na polisi. Wengi wao ni wazazi, na tena wote hutumia hisabati kazini, wajue wasijue.

Kwanza tueleze ilivyokuwa. Mapema mwaka 2025 orodha ya masomo ya lazima kwa sekondari ya juu ya Kenya ilitolewa bila ya hisabati kuwamo. Wazazi, walimu na wataalamu walipinga. Mwezi Aprili mwaka huo huo, Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa wote, ila kwa viwango viwili. Wanaofuata mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi watasoma hisabati ya kiini. Wanaofuata sayansi ya jamii, au sanaa na michezo, watasoma hisabati ya mahitaji, ambayo ni nyepesi zaidi.

Tofauti yao ni nini? Hisabati ya mahitaji hukaa karibu na maisha ya kila siku: hesabu za fedha, vipimo, maeneo na ujazo, kusoma majedwali ya takwimu. Hisabati ya kiini huingia ndani zaidi, kwa mada kama logi na vekta. Haya hayakuzuka leo. Katika mfumo wa zamani, ambao watahiniwa wake wa mwisho wa kidato cha nne ni wa mwaka 2027, kulikuwa pia na mitaala miwili ya hisabati, A na B. Ule wa A ulimfikisha mwanafunzi hadi mwanzo wa kalkulasi, na hadi hesabu za longitudo na latitudo juu ya uso wa dunia.

Uganda nayo ina njia yake. Hisabati ni ya lazima kwa miaka minne ya mwanzo ya sekondari. Katika miaka miwili ya juu njia hugawanyika. Anayeichukua kama somo kuu hufanya karatasi mbili: moja ya hisabati tupu, na ya pili ya hisabati ya matumizi, yenye takwimu na hesabu za nguvu na mwendo. Asiyeichukua kama somo kuu, lakini anasoma sayansi au uchumi, kwa kawaida hupata hisabati ndogo yenye karatasi moja. Hapa kwetu Tanzania mpango kama huo tunaujua: vidato vya tano na sita vimekuwa na hisabati ya juu, na pia hisabati tumizi ya msingi kwa wale ambao tahasusi zao zinahitaji hesabu kidogo.

Ndugu wasikilizaji, askari anaweza kuuliza: hayo yananihusu nini? Tuchukue mfano wa askari wa usalama barabarani. Gari limefunga breki na kuacha alama ya mita 20 juu ya lami kavu. Mwendo wake ulikuwa takriban kilometa 60 kwa saa. Gari jingine limeacha alama ya mita 80. Mwenye hesabu ya kuzidisha tu atasema alama ni ndefu mara nne, basi mwendo ulikuwa kilometa 240. Amekosea, na kosa lake laweza kumpotosha hakimu. Urefu wa alama hukua kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo hapana budi kutafuta kipeuo cha pili cha nne, ambacho ni mbili. Mwendo ulikuwa kama kilometa 120.

Kadhalika mpiga mizinga. Duara la vyombo vyake hugawanywa sehemu 6,000 au 6,400, kulingana na zana. Sehemu moja, kwa umbali wa kilometa moja, ni karibu mita moja ubavuni. Akikosea sehemu 10 kwa shabaha iliyo kilometa tano, kombora litaanguka kama mita 50 kando, na huenda hapo ndipo walipo wenzake.

Kutenganisha viwango si kosa. Kijana atakayekuwa mwanamuziki hana sababu ya kuteswa na kalkulasi, na mwalimu mwenye darasa la walio sawa hufundisha kwa utulivu. Lakini hatari ni mbili. Ya kwanza, shule yenye upungufu wa walimu yaweza kuwasukuma wote kwenye hisabati nyepesi, hata wale wenye uwezo. Ya pili, uamuzi hufanywa kijana angali na miaka kama 15, na matokeo yake hudumu. Aliyeacha hisabati ya kiini leo atakuta mlango wa uhandisi, wa urubani na wa upimaji ardhi umefungwa kesho, pengine bila ya mtu kumwambia mapema.

Basi kipimo cha mpango wa jirani zetu kitakuwa hiki: je, kijana aliyeanza chini na baadaye akaamka, ataruhusiwa kupanda? Na mzazi, hasa yule anayehamishwa kutoka kambi hadi kambi, asingoje kuitwa shuleni. Aulize mtoto wake amewekwa katika hisabati ipi, kwa sababu gani, na inamfungulia kazi zipi. Swali hilo linafaa Nairobi na Kampala, na linafaa hapa kwetu pia.