Kalamu ya Kutilia Saini: Thamani Yake ni Wino

Katika mji mkongwe wa Mikindani, kilomita zipatazo 10 kutoka Mtwara, ipo nyumba ya kale yenye kibao cha kumkumbuka David Livingstone. Msafiri huyo alijaribu kwanza kuingia bara kwa njia ya mlango wa mto Ruvuma, akashindwa, ndipo akashukia katika ghuba ya Mikindani mwezi wa Machi 1866. Hiyo ndiyo safari ambayo hakurudi kwao akiwa hai.

Mwezi wa Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika Kongo ya leo. Huko alishuhudia watu wakiuawa sokoni. Alitaka kuyaandika aliyoyaona, lakini karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Basi akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mmea wa huko. Wino ule ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki ila kwa shida kubwa. Ilibidi wataalamu wazipige picha kurasa hizo kwa mianga ya aina nyingi, ikiwamo ile isiyoonekana kwa macho, ndipo maneno yakajitokeza tena. Matokeo ya kazi hiyo yalitolewa mwaka 2011, yaani miaka 140 baada ya tukio.

Mkulima wa korosho, mwenye jahazi au mnunuzi wa kiwanja hawezi kungoja miaka 140, wala hana mitambo ya namna hiyo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa zao la korosho mwaka 2007, watu wengi zaidi wa Kusini wamezoea kuona mali yao ikiwakilishwa na hati. Saini ikifutika, haki nayo huingia mashakani. Yafaa basi kuuliza: ni kalamu ipi ya bei nafuu inayofaa kutilia saini hati za biashara?

Rangi iyeyukayo na rangi isiyoyeyuka

Kila wino una sehemu kuu mbili: rangi, na kimiminiko kinachoichukua rangi hiyo mpaka kwenye karatasi. Rangi nazo ni za namna mbili. Ya kwanza huyeyuka ndani ya kimiminiko, kama sukari ndani ya chai. Ya pili, iitwayo pigimenti, haiyeyuki. Ni chembe ndogo sana zinazoelea, na wino ukikauka hunasa kati ya nyuzi za karatasi.

Tofauti hii ndiyo kiini cha jambo lote. Rangi iliyoyeyuka mara moja yaweza kuyeyushwa tena. Kwa mfano, wino wa buluu wa kalamu za kujaza, ule uuzwao kama wino wa kufulika, huondoka kwa maji tu. Katika mji wa pwani, ambamo hewa ina unyevu mwingi na mvua yaweza kuvuja juu ya kabati la hati, wino huo haufai kwa mkataba wowote.

Gololi na jeli

Peni ya gololi ilibuniwa na László Bíró, mzaliwa wa Hungaria, aliyeandikisha uvumbuzi wake Uingereza mwaka 1938. Mwaka 1950 Marcel Bich wa Ufaransa alianza kuuza Bic Cristal, peni rahisi iliyoenea duniani kote. Nchani mwake mna gololi ndogo, yenye kipenyo cha milimita 1 hivi, ambayo huzunguka na kupaka wino mzito wa mafuta. Wino huo hustahimili maji vizuri. Udhaifu wake ni kwamba nyingi ya rangi zake huyeyuka katika spiriti, na baadhi yake hufifia zikikaa juani muda mrefu.

Peni ya jeli ilianzia Japani mwaka 1984. Wino wake una maji, lakini ni mzito kama uji uliopoa. Gololi inapouzungusha hulegea na kutiririka, na ukifika kwenye karatasi hutulia. Jeli yenye pigimenti, ikishakauka, hustahimili maji na spiriti pia. Hata hivyo si kila jeli ina pigimenti, kwa hiyo haifai kuamini jina peke yake.

Mnunuzi ana alama ya kumwongoza. Shirika la Kimataifa la Viwango limeweka kiwango cha wino wa hati: ISO 12757-2 kwa peni za gololi na ISO 27668-2 kwa peni za jeli. Wino wenye alama hiyo hupimwa kwa mwanga, maji, spiriti, asidi, na dawa za kung'arishia nguo. Alama hiyo aghalabu huandikwa kwenye pakiti au kwenye mrija wa wino.

Peni moja yapasa kuepukwa kabisa, nayo ni ile ambayo maandishi yake hufutika kwa kusuguliwa. Wino wake hupoteza rangi ukipata joto la nyuzi 60 hivi za Sentigredi. Hati iliyoachwa juani ndani ya gari lililofungwa yaweza kukutwa haina saini.

Saini itambulikane

Wengi hudhani kwamba kalamu ya pekee ni ile yenye kiwiliwili cha kumetameta. Kiwiliwili hicho hurudi mfukoni. Alama iliyoachwa kwenye karatasi ndiyo inayobaki. Wino wa buluu husaidia kutofautisha hati halisi na nakala nyeusi ya mashine, ingawa mashine zinazotoa nakala za rangi zimepunguza nguvu ya kinga hiyo. Gololi ina faida nyingine: hukandamiza karatasi na kuacha mfereji mdogo, ambao wachunguzi wa hati huuona kwa kumulika taa kutoka upande. Nakala ya mashine haina mfereji huo.

Kwa sababu hiyo hiyo, kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni chataka peni ya gololi, maana mkono hauna budi kukandamiza. Kwa mkataba wa karatasi moja, jeli yenye pigimenti ni bora. Na atakaye kalamu ya heshima bila gharama kubwa anunue kiwiliwili cha chuma kinachopokea mrija wa kubadilishwa, kisha atie mrija wenye alama ya kiwango. Mwenye kalamu ya thamani kubwa iliyotiwa wino hafifu hana la kumzidi.

Jaribio la darasani

Madai haya yaweza kuthibitishwa shuleni. Wanafunzi wachukue peni tano za madukani na kutia saini kwa kila moja kwenye vipande vitano vya karatasi. Baada ya siku moja, kipande cha kwanza kilowekwe katika maji kwa saa nzima, cha pili katika spiriti, na cha tatu kitiwe matone ya dawa ya kung'arishia nguo. Cha nne kifunikwe nusu na kubandikwa dirishani penye jua kwa mwezi mmoja. Cha tano kipigwe pasi yenye moto. Dawa ya nguo isichanganywe kamwe na spiriti wala asidi, na spiriti iwekwe mbali na moto.

Matokeo yaandikwe katika jedwali, pamoja na bei ya kila peni. Darasa litaona lenyewe kama peni ya bei kubwa ndiyo iliyoshinda. Na jedwali hilo, likibandikwa ukutani katika ofisi ya chama cha ushirika cha jirani, litamfaa hata mkulima ambaye hakupata nafasi ya kuingia maabara.