Droo ya Fedha na Itikadi ya Mwenye Duka

Katika maduka mengi ya mitaani huku kwetu Tanzania, tangu Tanga na Dar es Salaam hata Mwanza na Kigoma, ipo itikadi ijulikanayo kwa jina la chuma ulete. Husemwa kwamba mtu mwenye hila za giza huja dukani kama mnunuzi mwingine yeyote, akatoa noti yake akanunua sabuni au kiberiti, na noti ile ikiisha kuingia katika droo huzivuta zilizomo zikamfuata mwenyewe kwake, hata mwenye duka ahesabupo jioni akute mauzo ya siku nzima yamepungua pasipo mwizi aliyeonekana. Kwa hofu hiyo wako waliotia kinga ndani ya droo, na wako wasioipokea noti mkononi mpaka iwekwe mezani kwanza. Mimi, ambaye kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuketi na wafanyabiashara wadogo na kupitia hesabu zao, sijapata kuwacheka kwa jambo hili, maana upungufu wanaoueleza ni wa kweli: fedha zilikuwapo, sasa hazipo, na mwenye kupotelewa ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi.

Natuchukue gunia moja la sukari la kilo 50, lililonunuliwa kwa bei ya jumla ya shilingi 130,000, likauzwa rejareja kwa shilingi 2,800 kila kilo. Lote likiuzwa litaleta shilingi 140,000, na mwenye duka apigaye hesabu kichwani hujiona amepata faida ya shilingi 10,000. Lakini mkokoteni uliolileta ulitaka shilingi 3,000, mifuko ya kupimia shilingi 1,000, na katika siku zile za kuliuza, kilo mbili zilikwenda jikoni kwake bila ya kuandikwa, kwa kuwa duka ni lake na sukari ni yake. Nazo thamani yake ni shilingi 5,600. Faida iliyosalia ni shilingi 400. Ikiwa bei ya jumla imepanda kwa shilingi 1,000 tu, basi gunia la pili pamoja na mkokoteni na mifuko yake litataka shilingi 135,000, naye mkononi ana 134,400. Hakuibiwa, hakufanya ubadhirifu, hakulewa, hakucheza kamari. Gunia zima limekwisha mpaka punje ya mwisho, na bado hana uwezo wa kununua jingine. Aliyekwisha kupatwa na hali hii mara tatu mfululizo, akaambiwa na jirani mwema kwamba kuna mkono wa mtu, nitamlaumu vipi akisadiki?

Dhara ya itikadi hii haimo katika kuamini mambo ya ghaibu, ambayo si fani yangu. Dhara yake ni kwamba hulifunga daftari kabla halijafunguliwa. Ikiisha kupatikana sababu ya upungufu iliyo nje ya mkono wa mwenye duka, hakuna tena haja ya kuzitafuta zile kilo mbili, wala yule shemeji aliyechukua mafuta akaahidi kulipa mwisho wa mwezi, wala chenji iliyozidishwa. Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo ninalotaka kulieleza, kwani siku hizi kuna mafundisho mengi kuhusu fikra za mtu anayetaka kufanikiwa katika biashara, na mengi kati yake humwambia ajiamini, aote ndoto kubwa, ajione tajiri kabla hajawa tajiri. Ilhali tajriba yangu, na utafiti wa wataalamu ninaowaheshimu, huonyesha kwamba imani imfaayo mfanyabiashara ni nyingine, iliyo ya unyenyekevu zaidi na yenye nguvu zaidi: imani ya kwamba sababu za faida na hasara yake, kwa sehemu kubwa, zinatafutika, na kwamba kati ya hizo ziko ambazo mkono wake mwenyewe unazifikia.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Julian Rotter, alichapisha kipimo cha kupambanua watu kwa namna wanavyozitazama sababu za yale yanayowapata: wako waonao kwamba matokeo hutoka katika matendo yao, na wako waonao kwamba hutoka katika bahati, au majaliwa, au wakubwa wenye amri. Msomaji wa pwani aweza kuuliza hapa, na ni haki yake, je, mafundisho haya hayapingani na kusadiki kwamba riziki imo katika kudura ya Mwenyezi Mungu? Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na jawabu langu hulichukua kwa manahodha wa majahazi, ambao kwa karne nyingi walikuwa ndio wafanyabiashara wa kupigiwa mfano katika bahari yetu. Nahodha hakuwa na amri juu ya upepo. Kaskazi ilikuja kwa wakati wake ikawaleta kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ilikuja kwa wakati wake ikawarudisha, wala hapakuwa na tajiri awezaye kuununua upepo hata usiku mmoja kabla ya siku zake. Lakini nahodha huyo huyo aliyesema kwa ulimi na kwa moyo kwamba upepo ni wa Mungu, alikipandisha chombo pwani kabla ya msimu, akakitia kalafati, akakipaka shahamu na chokaa, akashona matanga, akahesabu maji ya kunywa na chakula cha mabaharia, hata kaskazi ilipogeuka alikuwa tayari. Tawakali yake ilianza pale mikono yake ilipokwisha kufanya kazi. Anayekaa tu barazani akasema riziki haina haraka, amechukua nusu ya maneno ya wazee wetu akaiacha nusu nyingine baharini.

Sasa natuseme habari ya utafiti mmoja uliofanyika Lomé, mji mkuu wa Togo, ambao naona haujapata kuelezwa vya kutosha kwa watu wanaosoma Kiswahili. Mwaka 2014 walichaguliwa watu 1,500 wenye biashara ndogo ndogo, mafundi, wachuuzi na wenye vibanda, wakagawanywa kwa kura katika makundi matatu ya watu 500 kila moja. Kundi la kwanza halikupewa mafunzo yoyote. Kundi la pili lilifundishwa yale yanayofundishwa siku zote katika mafunzo ya biashara: kuweka hesabu, kutafuta soko, kusimamia wafanyakazi, kuandikisha biashara serikalini. Kundi la tatu lilipewa mafunzo ya aina nyingine, yaliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Kijerumani aitwaye Michael Frese, ambayo shabaha yake ni kujenga tabia ya kuanza jambo pasipo kusukumwa. Walifundishwa kutonakili tu kile ambacho jirani anauza. Kuutazama msimu ujao na mashaka yake kabla haujafika. Kutafuta habari kwa wanunuzi na hata kwa washindani. Na kizuizi kikitokea, kutafuta njia ya pili na ya tatu kabla ya kusalimu amri. Masomo ya darasani yalikuwa ya saa 36 katika wiki nne, kisha mkufunzi alimwendea kila mmoja mahali pake pa kazi, mara moja kwa mwezi, kwa miezi minne.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Wale waliofundishwa kwa njia ya kawaida faida yao ilizidi kwa asilimia 11 kuliko wale wasiofundishwa, lakini tofauti hiyo kwa mizani ya takwimu ilikuwa hafifu, haiwezi kutenganishwa na bahati. Wale waliofundishwa kujianzia wenyewe faida yao ilizidi kwa asilimia 30, na haikuwa moto wa mabua, maana walifuatwa kwa zaidi ya miaka miwili. Katika kundi hili alikuwamo mama aliyekuwa akikodisha magauni ya arusi. Baada ya mafunzo aliongeza glavu na shela za bibi arusi, vitu ambavyo wateja wake wale wale walikuwa wakivitafuta kwingine. Kwa miaka yote walipita mbele yake wakiwa na haja hizo, naye hakuwa amejiuliza watokapo kwake huelekea wapi. Naupenda mfano huu kuliko mifano ya mabilionea, maana mama huyo hakubadilika kuwa mtu mwingine. Alijifunza kuuliza swali moja kabla hajalazimishwa na njaa kuliuliza.

Nisidhaniwe kwamba naidharau hesabu, maana nimeanza kwa hesabu. Ninalosema ni kwamba elimu ya hesabu haimfai mtu asiyesadiki kuwa hesabu itamwonyesha jambo aliwezalo. Wala nisidhaniwe kwamba kila ufukara umetokana na fikra, kwani hapo waalimu wengi wa hamasa huwadhulumu wasikilizaji wao. Hapa Dar es Salaam wataalamu kutoka Norway waliwajaribu wakopaji wa taasisi moja ya mikopo midogo: wengine walipewa masomo 21 ya dakika 45 kila moja, wengine wakapewa ruzuku ya shilingi 100,000. Masomo yaliwafaa sana wanaume, na athari yake kwa wanawake ilikuwa ndogo zaidi. Wanawake hawakuwa wagumu wa kufahamu. Anayefunga biashara saa kumi na moja akapike, ambaye fedha za droo yake huombwa na kila mwenye shida katika ukoo, na ambaye hana kauli ya mwisho juu ya mtaji alioutafuta mwenyewe, aweza kuwa na itikadi njema kuliko ya mumewe na bado asipige hatua, kwa kuwa sababu nyingine zimo katika mikono ya watu wengine. Kumwambia huyu kwamba tatizo lake ni mawazo finyu ni kumwongezea mzigo aliyekwisha kulemewa, na mimi siwezi kulikubali neno hilo hata likisemwa na mtu mwenye shahada kumi.

Kuhusu kujiamini, ambako husifiwa mno, kuna habari inayopaswa kutupa hadhari. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Marekani walitangaza majibu ya watu 2,994 waliokuwa wameanzisha biashara muda si mrefu. Asilimia 81 walijipa nafasi saba au zaidi katika kumi ya kufanikiwa, na asilimia 33 walijipa kumi katika kumi, yaani hawakuona mwanya wowote wa kushindwa. Tena wale waliojiandaa vibaya walikuwa na matumaini sawa na waliojiandaa vizuri. Neno letu mjasiriamali, lililofinyangwa kutokana na ujasiri na mali, limewafanya wengi wadhani kwamba sifa ya kwanza ni kuthubutu. Wanaothubutu ni wengi. Mtaalamu Saras Sarasvathy, aliyechunguza namna wafanyabiashara wazoefu wanavyofikiri, aliandika mwaka 2001 kwamba hawaanzi kwa kuuliza watapata faida kiasi gani. Huanza kwa kuuliza ni hasara kiasi gani wanaweza kuivumilia, kisha huanza kwa vile walivyonavyo, yaani ujuzi wao, mikono yao, na watu wanaowaamini. Waswahili walilijua jambo hili zamani katika desturi ya mali kauli, ambapo mtu asiye na rasilmali huchukua bidhaa kwa neno la kinywa chake, akauza, akarudisha cha mwenyewe, akabaki na chake: mtaji wake wa kwanza ni kuaminika, na huo hauwekwi rehani kwa jambo la kubahatisha.

Mfanyabiashara wetu mashuhuri, marehemu Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019, aliacha kitabu cha maisha yake ambacho jina lake linatangaza uwezo na azma, na vijana wengi hulikariri jina hilo kama dua. Ningependa wakariri pia habari ya kalamu. Alikuwa mhasibu, na wakati nchi ilipokuwa na upungufu wa bidhaa nyingi alianza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Jaribio hilo lingeshindwa, lingempotezea sanduku la vipande vya plastiki na jioni chache; lilipofaulu, alijua jambo ambalo hakulijua jana, na kwa ujuzi huo aliweza kuthubutu jambo lililo kubwa kidogo.

Ndivyo imani ya mtu katika uwezo wa mkono wake inavyojengwa. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1977, alieleza kwamba mtu husadiki uwezo wake kwa njia kadhaa, ikiwamo kuwatazama wenzake na kutiwa moyo kwa maneno, lakini njia iliyo na nguvu kuliko zote ni kulitenda jambo kwa mkono wake likafanikiwa. Maneno ya jukwaani hupoa njiani kabla mtu hajafika nyumbani. Kwa hiyo mwenye duka anijiapo na malalamiko ya chuma ulete, simhubirii wala simwambii aondoe kinga yake. Humpa daftari lenye safu nne, kilichouzwa, kilichokopwa, kilicholipwa na kilichokwenda nyumbani, nikamwomba aandike kwa siku thelathini, usiku huo huo kabla ya kulala, hata kama ni kijiko cha chumvi.

Wiki ya kwanza safu ya nne huwa tupu, kwa aibu au kwa kusahau. Wiki ya pili huanza kuingia maandishi madogo ya kalamu ya risasi: sabuni moja, mtoto; mafuta nusu lita, mama. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, alirudi kwangu siku ya ishirini, kabla ya muda tuliopatana, akalifungua daftari mbele yangu pasipo kusema neno, akaweka kidole chake juu ya mstari ulioandikwa sukari, kilo mbili, nyumbani, kisha akaniuliza kama ningeweza kumsaidia kupanga mshahara wake mwenyewe.