Silaha tunanunua, lakini funguo anashika nani?

Droni za CH-4 zikitajwa hapa Kivu, watu wanauliza zimepiga wapi. Jeshi letu, FARDC, linazitumia, lakini zimetengenezwa China. Kuna swali lingine: siku urafiki na muuzaji ukiharibika, droni hizo zitaendelea kuruka?

Mfano mzuri ni Afghanistan. Kwa miaka mingi jeshi la huko lilitumia helikopta za Kirusi aina ya Mi-17. Mafundi wa inchi walizizoea, na sehemu kubwa ya matengenezo walifanya wenyewe. Kuanzia 2017 Marekani, ambayo ndiyo ilikuwa inalipia jeshi hilo, ikaanza kuwapa Black Hawk. Mashine nzuri, lakini piesi zilitoka Marekani, na wenye kuzitengeneza walikuwa mafundi wa makampuni ya kigeni.

Mwezi wa 4, 2021, Rais Joe Biden alitangaza kwamba askari wake wanarudi kwao. Mafundi wale nao wakafunga mizigo. Waafghani wakabaki wanaelekezwa kwa video, yaani kutengeneza ndege ya vita kwa simu! Ndege nyingi zikalala chini. Askari waliozungukwa na adui mbali na miji wakakosa risasi, chakula, na hata wa kubeba majeruhi. Tarehe 15/8/2021 Kabul ikaanguka. Ufisadi na mishahara isiyofika vilichangia pia, lakini jeshi lililozoea msaada wa angani lilikuwa limekatwa miguu.

Mara nyingine kinachokatwa ni habari tu. Mwezi wa 3, 2025, Marekani ilisimamisha kwa siku chache kuipa Ukraine silaha na habari za kijasusi. Roketi za Marekani zilikuwa bado mikononi mwa Waukraine, ila kuona shabaha za mbali kukawa kugumu zaidi.

Hiyo haimaanishi Kongo isinunue kitu inje. Hatuna kiwanda cha droni. Ila wabunge wetu wanaweza kuuliza kabla mkataba haujatiwa sahihi: Wakongomani wangapi watafundishwa kutengeneza? Piesi za muda gani zitawekwa hapa? Programu inaongozwa na nani? Jibu likikosekana, atakayelipa kwanza ni askari aliye msituni, na mwananchi wa kijiji kilicho nyuma yake.