Ziara ya miji minne ya Asia: mpangilio wa vituo huamua gharama

Kwa mkazi wa Tanga, safari ya ndege kwenda Asia huanzia barabarani. Uwanja wa ndege wa mji huo hupokea ndege ndogo za kwenda Pemba, Unguja na Dar es Salaam, ambazo kwa kawaida hazimruhusu abiria kuchukua mzigo unaozidi kilo 15. Kwa sababu hiyo wengi hupanda basi hadi Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 350, na wengine huvuka mpaka wa Horohoro kwenda kupanda ndege Mombasa, ambako ni karibu zaidi.

Huko kote, jambo la kwanza ambalo wasafiri huulizia ni nauli. Katika ziara ya miji kadhaa, hata hivyo, nauli hutegemea sana mji upi unatangulia na upi unafuata.

Chukua mfano wa familia ya Ngamiani inayotaka kutumia likizo ya wiki tatu kuiona Mumbai, Bangkok, Guangzhou na Hong Kong. Njia inayoonekana rahisi ni kukata tiketi ya kwenda na kurudi Mumbai, kisha kutafuta usafiri wa miji mingine huko huko. Matokeo yake ni kwamba familia hiyo, ikiwa imekwisha kufika China, italazimika kurudi tena India kwa ajili tu ya kupanda ndege ya kurejea nyumbani.

Nafuu hupatikana kwa tiketi ya vituo vingi, ambayo msafiri huingilia mji mmoja na kuondokea mwingine. Shirika la Ndege la Tanzania, lililoanza safari za Mumbai Julai 2019, hufika pia Guangzhou. Mashirika yanayopitia Dubai, Doha na Addis Ababa nayo huuza tiketi za namna hiyo.

Mtego mkubwa uko kati ya Guangzhou na Hong Kong. Hong Kong ni sehemu ya China, lakini ina idara yake ya uhamiaji na masharti yake ya viza. Msafiri mwenye viza ya China ya kuingia mara moja, akitoka Guangzhou kwenda kutembea Hong Kong, huhesabiwa ameondoka China bara. Hawezi kurudi Guangzhou kwa viza ile ile, hata kama ndege yake ya kurejea Dar es Salaam inaondokea huko na mizigo yake imebaki hotelini.

Dawa yake haihitaji fedha ya ziada. Familia hiyo itoke Bangkok kwa ndege hadi Hong Kong, kisha ipande treni ya mwendo kasi, iliyoanza kazi Septemba 2018, hadi Guangzhou kwa muda wa saa moja hivi. Hapo itakuwa imeingia China bara mara moja tu, na itaondokea huko huko.

Suala jingine ni kukata tiketi moja au kadhaa. Tiketi za vipande vipande huweza kuwa rahisi, lakini ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, hasara ni ya abiria. Vituo vikiwa katika tiketi moja, shirika ndilo lenye wajibu wa kumtafutia ndege nyingine. Hata hivyo tiketi hiyo nayo ina sharti lake: anayeruka kituo kimoja bila kutoa taarifa kwa kawaida hufutiwa safari zote zinazofuata.

Saa nazo zimewaponza watu. Tiketi iliyoandikwa 00:40 ya tarehe 15 maana yake ni saa sita na dakika 40 usiku wa kuamkia tarehe 15. Anayepanda basi kutoka Tanga asubuhi ya tarehe 15 atakuta ndege imekwisha kuondoka.

Thailand humtaka abiria anayetoka Tanzania awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo anayekwenda kuchanjwa wiki ya mwisho amechelewa. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote.

Majira pia yana nafasi yake. Mvua kubwa za Mumbai hunyesha kati ya Juni na Septemba, wakati ambao huku pwani ni kipindi cha kusi na shule nyingi huwa na likizo yake ya katikati ya mwaka. Katika China, wiki ya kwanza ya Oktoba na siku za mwaka mpya wa Kichina, mwezi Januari au Februari, treni na hoteli hujaa.

Maombi ya viza ya China huambatanishwa na ratiba ya safari. Kwa hiyo mpangilio wa miji ukamilike kabla ya kujaza fomu, na wakala aombwe kushika nafasi bila malipo kamili hadi pasi, ambayo iwe na uhai wa angalau miezi sita, irudi ikiwa na viza zote.