Kisukuku, Chapa na Mapito: Istilahi za Alama za Uhai katika Jiwe la Mchanga

Neno kisukuku limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya masomo, nalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni mabaki ya mnyama au mmea wa kale yaliyogeuka jiwe. Fasili hiyo yatosha mtu azungumziapo mfupa au gome la konokono. Lakini itumikapo kwa alama za uhai wa awali zilizomo katika jiwe la mchanga, humpotosha mwanafunzi. Kwani humo mara nyingi hakuna kilichobaki wala kilichogeuka. Makala haya yanakusudia kueleza kwanza jambo lenyewe, kisha kupendekeza maneno ya kulitajia.

Mfano mashuhuri ni ule wa vilima vya Ediacara, Australia Kusini. Mwaka 1946 Reginald Sprigg, mwanajiolojia wa serikali aliyekuwa akikagua machimbo ya zamani huko, aliona katika mabamba ya jiwe la mchanga alama za mviringo mfano wa konyeza wa baharini. Leo yajulikana kuwa alama hizo zina umri wa miaka milioni 550 hivi. Tangu mwaka 2004, kipindi kizima kilichoanza miaka milioni 635 iliyopita na kwisha miaka milioni 539 iliyopita kimepewa jina la Ediacara.

Msomaji aliyepata kutembea ufukoni ataona ajabu. Mchanga haushiki hata unyayo wa mtu mpaka maji yajapo. Umeshikaje umbo la kiumbe laini asiye na mfupa wala gamba? Jibu ni utando. Sakafu ya bahari ya siku zile ilifunikwa na utando wa vijiumbe, ulioshikamana na mchanga kama ukoko ushikamanavyo na chungu. Dhoruba ilipomwaga mchanga mpya, viumbe walifukiwa papo hapo walipokuwa. Kabla miili haijaoza yote, madini yaliugandisha mchanga uliowafunika. Wataalamu wengine husema madini hayo ni pairiti, yenye chuma na salfa; wengine husema ni silika iliyokuwa nyingi katika maji ya bahari. Mwili ukatoweka, umbo likabaki upande wa chini wa tabaka. Ndiyo maana watafiti hulazimika kuyapindua mabamba ili kuyasoma.

Umbo kama hilo halifai kuitwa mabaki. Twapendekeza liitwe chapa. Tena chapa ni za namna mbili, na lugha yetu ina maneno ya kuzitenga. Mhunzi hutengeneza kalibu, kisha humimina ndani yake madini yaliyoyeyushwa. Kiumbe aitwaye Dickinsonia, mwenye umbo la yai na mistari kama ya mbavu, ambaye baadhi yao walizidi urefu wa mita 1, mara nyingi huonekana kama bonde la kina kifupi upande wa chini wa tabaka: hiyo ni kalibu. Viumbe wengine walioza mapema, mchanga wa juu ukashuka na kujaza nafasi zao, ukatokeza kama uvimbe: huo twaweza kuuita mjazo.

Neno mabaki nalo lina mahali pake. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba katika Dickinsonia waliopatikana pwani ya Bahari Nyeupe, Urusi, kulikutwa masalio ya kolesteroli, nayo ni ushahidi kuwa kiumbe huyo alikuwa mnyama. Kemikali hiyo ni mabaki ya kweli. Chapa iliyo kando yake sivyo.

Kuna namna ya tatu. Katika mawe ya Australia Kusini zilijulikana kwa muda mrefu alama nyembamba zenye kupindapinda, lakini aliyezifanya hakujulikana. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa wamepata, karibu na alama hizo, chapa za kiumbe mwenye urefu wa milimita 2 hadi 7, mfano wa punje ya mchele, wakamwita Ikaria. Jina hilo limetokana na neno la Waadnyamathanha, wenyeji wa nchi hiyo, lenye maana ya mahali pa kukutania. Basi njia ilijulikana kabla ya mpita njia. Lau mwalimu angalisema kuwa "kisukuku cha mnyama" kimepatikana tangu hapo awali, wanafunzi wangalidhani mwili umeonekana. Alama za namna hii twapendekeza ziitwe mapito.

Kwa hiyo, kisukuku na kiwe jina la jumla, maana yake ushahidi wowote wa uhai wa kale uliohifadhiwa katika mwamba. Na chini yake yawepo mabaki, chapa na mapito. Maneno haya yote yamo tayari vinywani mwa watu. Kinachotakiwa ni kila moja lishike kazi yake, ili asomaye kwa Kiswahili ajue ni nini hasa kilichoonekana katika jiwe, na ni nini kilichokisiwa tu.