Sungura Waliolegea

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Taasisi ya Salk huko California, sungura wa maabara walianza kulegea. Miguu ilikosa nguvu, pumzi zikawa za shida. Watafiti Jim Patrick na Jon Lindstrom hawakuwa wakitafuta ugonjwa. Walitaka kingamwili tu.

Walikuwa wamewadunga sungura hao protini iliyochujwa kutoka kwa mkunga wa umeme, samaki wa mito ya Amerika Kusini. Ogani yake ya umeme imesheheni sinapsi, yaani maungio ambapo neva hukabidhi ujumbe kwa seli nyingine. Protini yenyewe ni kipokezi cha asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuiamuru misuli ijikunje. Mwili wa sungura ukikutana na protini ngeni hutengeneza kingamwili za kuinasa, nazo huvunwa kwenye damu zitumike kuisaka protini hiyo popote ilipo. Shida ni kwamba kipokezi cha mkunga kinafanana mno na cha sungura. Kingamwili zikawageukia sungura wenyewe.

Walipodungwa neostigmini, dawa ya wagonjwa wa miastenia gravisi, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, nguvu zilirudi kwa muda. Ripoti ilitoka katika jarida la Science mwaka 1973, na mwaka 1976 Lindstrom na wenzake wakaonyesha kuwa wagonjwa wengi wana kingamwili hizo damuni. Kope zao zinazolegea kadiri siku inavyosonga zikapata maelezo, na madaktari wakapata kipimo cha damu. (Sungura, bila shaka, hawakuulizwa.)

Siku hizi kazi nyingi ya kusaka protini za sinapsi kwa kingamwili hufanyika kwenye vipande vyembamba vya ubongo wa panya. Kingamwili ya kwanza hushika protini; ya pili, iliyobeba rangi inayong'aa, hushika ya kwanza. Kwenye hadubini huonekana vitone: vyekundu, tuseme, vya protini ya sinaptofisini upande unaotuma, na vya kijani vya protini ya PSD-95 upande unaopokea. Vikigusana, mtafiti huhesabu sinapsi moja. Mwanya ulio kati ya pande hizo ni nanomita 20 hivi, na hadubini ya kawaida haiuoni.

Picha hizo nazipenda, ila siziamini haraka. Tabia ya kushika kinachofanana, iliyowalegeza sungura, humsumbua mtafiti pia: kingamwili ikikosea protini, rangi hung'aa vilevile. Kipimo kikali ni panya aliyeondolewa jeni la protini inayotafutwa. Kipande chake kikiwaka sawa na cha panya wa kawaida, kichupa hicho cha kingamwili hakifai, hata kiwe cha bei gani, na hesabu zote zilizotokana nacho zianze upya.